Mguu Uliokunjwa

“Mtu aliyeuawa hanyooki kama aliyelala usingizi,” alisema Emmanuel, akiwa chali katikati ya njia panda. “Umeona wapi maiti ya kwenye filamu imenyoosha miguu yote miwili? Mmoja lazima ukunjwe.”

“Mimi sijaona maiti yoyote ya kwenye filamu,” Swaumu akamjibu. “Kunja basi, jua linakwenda.”

Emmanuel akaukunja mguu wa kulia, akautupa mkono mmoja juu ya kichwa, akafumba macho. Swaumu alizunguka na majivu aliyoyachota jikoni, akayamwaga taratibu kumfuata ubavuni, kiunoni, gotini. Emmanuel alipoinuka kutazama, hapakuwa na kitu cha kutazamwa. Majivu na vumbi vilikuwa rangi moja.

“Chaki je?”

“Chaki za shule zinahesabiwa, Ema. Moja ikipotea tunaulizwa wote.”

Walikuwa kidato cha tatu, shule ya sekondari ya kata upande wa Nandagala. Mwalimu Domitila, aliyekuwa msimamizi wa klabu ya sanaa, alikuwa amewaruhusu watengeneze filamu ya kusisimua ya kuonyeshwa kwenye mahafali. Mpiga picha wa harusi mmoja kutoka Nachingwea, jina lake Yunusi, alikubali kuja na kamera yake kwa siku moja tu. Kwa hiyo kila kitu kilitakiwa kipangwe kabla hajafika: nani asimame wapi, mlango gani ufunguke, maiti ilale vipi.

Filamu zenyewe walizisoma kwa mgawanyo. Emmanuel aliingia kwenye banda la video pale Ruangwa mjini kila alipopata nauli, akarudi na kumsimulia Swaumu tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na mahali muziki ulipokatika ghafla. Swaumu hakuingia. Msichana aliyeonekana akitoka kwenye banda la video alipewa jina ambalo hata ukoo mzima usingeweza kulifuta. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na kichwa cha kuunganisha. Kutokana na masimulizi ya Emmanuel alikwisha jua kwamba maiti haitakiwi kuchelewa, kwamba mshukiwa wa kwanza huwa hana hatia, na kwamba steringi, yaani shujaa mwenyewe, haaminiwi na mtu mpaka karibu na mwisho. Na Mwalimu Domitila aliwaongezea jambo moja, akilisema kwa kidole juu: “Taharuki si kushtuka. Taharuki ni mtazamaji kumwona nyoka anaingia ndani ya kiatu, halafu mwenye kiatu anakuja anapiga mluzi.”

“Subiri hapa,” Swaumu alisema. Akakimbia nyumbani.

Chumbani kwa bibi yake, Bibi Sabaha, kilining'inia kibuyu kidogo chenye unga wa mtama. Mtama ule ulilowekwa, ukaanikwa, ukatwangwa ukachekechwa hata ukawa mweupe kama pamba. Haukuwa wa kupikwa. Bibi Sabaha ndiye aliyeutumia pale ukoo ulipokwenda makaburini kutambika, akauweka chini kwa vidole vitatu huku akiwataja waliotangulia. Kijiji kizima hakikuwa na unga mwingine wa namna ile. Swaumu alijua yote hayo. Alichokiwaza wakati ule ni weupe tu.

Mchoro ukatokea. Juu ya udongo mwekundu mtu mweupe alilala, mkono juu, mguu umekunjwa. Hata Emmanuel, aliyejifanya haogopi kitu, alirudi nyuma hatua.

“Kaka, hii kali,” alisema, akisahau kwamba aliyekuwa naye ni msichana.

Waliuacha palepale ili Mwalimu Domitila auone asubuhi na kusema kama unafaa. Mwalimu alishikwa na homa, hakuja. Asubuhi ileile Amri, jirani yao, alipanda juu ya paa lake kubadilisha nyasi. Boriti ikakatika. Alianguka upande wa kulia, mguu ukakunjika pasipostahili kukunjika.

Waliombeba kwenye machela kwenda Ruangwa walipita njia panda, mbele ya mchoro.

*

Amri alirudi na plasta nyeupe kuanzia pajani. Wakati ule neno la uchawi lilikuwa limekwisha zunguka nyumba zote na kurudi lilikotoka.

Hakuna aliyemwambia Bibi Sabaha lolote usoni. Kijijini watu hawaanzi hivyo. Walianza kisimani: Hadija, mkwe wake, alipanga ndoo nyuma ya ndoo mbili, akageuka kumfunga mtoto wa mwenzake mgongoni, alipogeuka tena ndoo yake ilikuwa imesimama peke yake na zile nyingine zimehamia upande wa pili. Wakaendelea kwenye mashine ya kusaga. Kila aliyekuwa na debe alidai asage kabla ya bibi huyu, kwa sababu mashine huacha unga wa mtu ukachanganyika na wa anayemfuata. Bibi Sabaha aliketi kwenye benchi tangu asubuhi. Aliposagiwa, hapakuwa na mtu tena, na mwenye mashine akawasha injini huku anatazama pembeni.

Kisha ikaja habari ya mnyoaji. Mganga mmoja kutoka ng'ambo ya mto Mbwemkuru alikuwa anapita kijiji hadi kijiji akiwanyoa nywele waliotajwa kwa uchawi, akiwachanja na kuwapaka dawa mbele ya watu. Ijumaa angefika kwao. Ndugu za Amri walimtuma mtu kwa Harithi, mwana wa Bibi Sabaha, kumwomba kwa adabu kabisa amlete mama yake.

Harithi alikuwa mtu mpole, na upole wake siku ile ulikuwa mzito kuliko ukali.

“Mama,” alisema wakiwa barazani, “wengine wanakwenda wenyewe bila kutajwa. Wananyolewa, wanarudi, yameisha. Nywele zinaota.”

Bibi Sabaha alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Hakuinua uso.

“Nywele zangu unaziona zilivyo? Hata zisipoota sitalia.”

“Basi?”

“Basi nini? Unataka niende nikakae chini nichanjwe kwa kosa gani? Nitajie kosa, nitakwenda.”

Hadija, ambaye miaka yote alimwogopa mama mkwe wake na kumsema jikoni, aliingilia. “Na mimi, baba Swaumu, akishanyolewa nitachota maji nikiitwa mkwe wa nani? Na huyu binti ataolewa na nani? Wewe unaona nywele tu.”

Swaumu alisimama nyuma ya mlango. Alitoka akapiga magoti mbele ya ungo.

“Ni mimi, bibi. Mimi na Ema. Tulikuwa tunapanga filamu.”

Akaeleza yote: njia panda, majivu, kibuyu. Aliposema kibuyu, mikono ya bibi ikasimama.

“Ulichukua unga ule ukachorea mtu aliyekufa.”

“Hakufa, bibi. Ni Ema.”

“Nimekusikia.” Bibi Sabaha aliusukuma ungo pembeni. “Ungeniomba ningekupa wa muhogo.”

Harithi alipumua kama aliyetuliwa mzigo. “Basi yameisha. Tutasema mkutanoni, watu wataelewa.”

Swaumu naye aliamini hivyo. Katika filamu zote alizosimuliwa, ukweli ukishasemwa mbele ya watu, mambo humalizika.

*

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Wazee walikalia madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Jumanne, alikaa kwenye meza ya mwalimu. Amri aliletwa kwa baiskeli akasogezewa viti viwili, kimoja chake na kimoja cha mguu. Pembeni yake alikaa mama yake, Bi Somoe. Huyu na Bibi Sabaha walichezwa unyago mwaka mmoja, nyumba moja, wakalala mkeka mmoja. Tangu Amri aanguke hawakuwa wamesalimiana.

Swaumu alisema. Alieleza kama alivyomweleza bibi yake. Alipomaliza, mjomba wa Amri alitabasamu kwa huruma.

“Mtoto huyu ana akili,” alisema. “Anamfunika bibi yake. Hata mimi ningekuwa na mjukuu wa namna hii ningefurahi.”

Emmanuel akasimama. “Shikamooni. Mimi ndiye niliyelala pale. Mchoro ule ni wangu mimi.”

“Mbona mguu wako haujavunjika?”

“Huyo Mmakonde,” sauti ikatoka nyuma, “miguu yao ya mpingo.”

Darasa lilicheka, hata Amri alicheka na kushika paja. Ilikuwa nafuu fupi. Mwalimu Domitila alijaribu kuitumia. Alieleza filamu ya kusisimua ni nini, kwa nini maiti huchorwa, na kwamba mguu uliokunjwa ni desturi ya filamu tu, wala haukumlenga mtu. Alisema vizuri, kwa Kiswahili cha chuo. Mzee Jumanne alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mwalimu, samahani. Kwa hiyo serikali ndiyo inawafundisha watoto wetu kuchora maiti njia panda?”

Mwalimu Domitila aliketi.

“Na unga?” mjomba wa Amri aliuliza. “Unga ule ni wa nani? Au nao uko kwenye filamu?”

Hapo ndipo Swaumu alipoona kwamba wamekwisha kuhukumiwa. Watu hawa hawakukosa akili, wala hawakuwa wabaya. Mkononi walikuwa na mguu uliovunjika, na mtu mwenye mguu uliovunjika hapozwi kwa kuambiwa boriti ilioza. Boriti haina uso wa kutazamwa. Uso wa bibi yake ulikuwapo palepale, dawati la pili.

Bibi Sabaha aliinuka. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya hasira, lakini alikitumia ili Mwalimu na Mmakonde naye wasikie.

“Unga wangu. Mkono wa mjukuu wangu. Mnasema umevunja mguu wa Amri. Haya. Swaumu, mwanangu, toa kile kibuyu.”

Alikuwa amekuja nacho chini ya kanga. Alimkabidhi, akasogeza dawati kwa kiuno, akalala chini sakafuni, mwanamke mzima aliyezika mume na watoto, akakunja mguu wa kulia na kuinua mkono juu ya kichwa.

“Nichore.”

“Mama, inuka,” Harithi alisema.

“Nichore, nimesema. Kama unga huu unavunja, uanze kwa mwenyewe.”

Hakuna aliyemcheka. Kanga ilimpanda, mguu mkavu wenye ngozi ya nyufa ukaonekana mbele ya wanaume, naye hakuivuta. Swaumu alipiga magoti, akamzungushia unga. Ulipofika kwenye goti mkono ulimtoka jasho na unga ukashikana vidoleni. Alipomaliza alimshika bibi kumwinua, na mchoro ukabaki sakafuni, mdogo kuliko walivyodhani.

Mzee Jumanne alishauriana na wazee. Uamuzi ulikuwa huu: wangoje Ijumaa. Mguu wa Bibi Sabaha ukipata jambo lolote kabla ya mnyoaji kufika, akae kitini wa kwanza. Ukiwa mzima, jina lake lisitajwe tena.

Bi Somoe alikuwa anautazama mchoro.

*

Harithi hakwenda shamba. Alifukia mashimo ya uwanjani, akang'oa kisiki kilichokuwapo tangu babu yake, akashusha kizingiti cha mlango. Hadija alimchotea mama mkwe maji ya kuoga, akamshikilia hadi chooni kama mwali. Kila Bibi Sabaha alipovuka uwanja, nyumba za jirani zilinyamaza. Watoto waliacha kuchezea tairi ili watazame miguu yake. Mama mmoja alimpungia mkono kwa furaha, macho yakiwa chini.

Emmanuel alimkuta Swaumu akirudi kutoka shule.

“Swaumu, umeona? Hii ndiyo taharuki yenyewe. Kijiji kizima kinamtazama, kila hatua. Tungekuwa na kamera—”

“Ema.”

“Nasema tu, mshkaji. Hata kwenye banda sijaona—”

“Kule kwenye banda ukichoka unatoka nje,” Swaumu alisema. “Mimi nitatokea wapi?”

Emmanuel aliinamisha kichwa. Alitembea naye mpaka kwao, kisha akachukua jembe akamsaidia Harithi kusawazisha njia ya chooni.

Alhamisi mchana Harithi alilala kwa uchovu na Hadija alikuwa kisimani. Bibi Sabaha alichoka kukaa. Kibuyu kilikuwa kitupu, na haikuwa desturi kilale kitupu. Akautoa mtama wake, akauweka kwenye kinu nyuma ya nyumba, akatwanga. Swaumu alikuwa anaosha sahani. Alisikia mchi unakwenda kwa mpigo wake, kisha mpigo ukakatika.

Alimkuta ameketi chini, kinywani ameng'ata kanga. Mchi ulikuwa umemteleza, ukabiringika, naye akaukanyaga. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kinafura huku kinatazamwa.

“Nimwite baba.”

Bibi alitikisa kichwa. Aliitoa kanga mdomoni. “Baba yako hajui kuficha uso. Lete maji ya moto. Chana ile kanga kuukuu.”

“Bibi, haujavunjika?”

“Umeteguka. Mchi nimeuacha vibaya mimi mwenyewe, nilikuwa nawaza. Unaona?” Alimtazama mjukuu wake kama anayemfundisha kazi. “Unateleza hivihivi tu. Funga. Kaza.”

Swaumu alikaza, machozi yakimdondokea mikononi. Sasa walikuwa wawili tu duniani waliomjua nyoka ndani ya kiatu.

*

Mnyoaji alifika baada ya sala ya Ijumaa, na vijana wawili wenye ngoma na mfuko wa nyembe. Kiti kiliwekwa mbele ya ofisi ya kijiji. Walikuwapo watatu waliotajwa, wote wazee, wanawake wawili na mwanamume mmoja, wamekaa kwenye mkeka bila kutazamana. Kwa ajili yao hakuna aliyelala sakafuni. Walikuja kwa sababu walichoka.

Kutoka nyumbani kwa Harithi hadi ofisini ni njia ndefu iliyonyooka, nyumba huku na huku, watu wamesimama milangoni. Bibi Sabaha alitoka amevaa kanga mpya iliyoburuta hadi chini. Swaumu alitembea ubavuni kwake. Walikubaliana asimshike.

“Hamjambo?” alisema Bibi Sabaha.

“Hatujambo, shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Mahindi yenu yamependeza.”

Kila hatua ya kulia Swaumu aliihisi kwenye meno yake. Bibi aliufunika uchungu kwa salamu: aliposhindwa kuendelea alisimama, akauliza hali ya mtoto, akacheka kidogo, akapata pumzi, akaenda tena. Harithi, aliyekuwa nyuma na hakujua kitu, alitembea kifua mbele. Nusu ya njia, jasho lilikuwa limemlowesha bibi mgongoni. Swaumu aliona kwamba hawatafika.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Amri. Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amemwona Sabaha akija tangu mbali, na alimjua anavyotembea tangu hawajaota matiti. Macho yake yalishuka kwenye pindo la kanga, yakapanda usoni, yakakaa hapo.

Swaumu alisogea karibu zaidi na bibi yake.

Bi Somoe alishuka kizingitini. Alisema kitu cha haraka kwa Kimwera, kisha akapaza sauti kwa Kiswahili, kwa wote: “Sabaha, mwenzangu nimezeeka, magoti yangu leo hayanipeleki. Nipe bega tuandamane.”

Akaupitisha mkono wake chini ya mkono wa mwenzake, akambana kwapani. Wakaenda. Waliowatazama waliona Bi Somoe mgonjwa anaegemea, na Bibi Sabaha mzima anamkongoja taratibu. Swaumu peke yake aliona ni bega la nani lililobeba, na namna mishipa ya shingo ya Bi Somoe ilivyosimama kwa uzito ule.

Mbele ya ofisi Mzee Jumanne aliinuka. “Mguu?”

“Si huu unaouona amekuja nao?” Bi Somoe alijibu kwa ukali. “Umenileta hadi mimi. Mama wa Amri ni mimi, na nimeridhika. Nani mwingine ana neno?”

Mjomba wa Amri alitazama chini. Mnyoaji, ambaye hakupenda kucheleweshwa, aliita jina la kwanza. Mmoja wa wale watatu aliinuka mkekani akaenda kitini, na ngoma ikaanza. Bibi Sabaha hakuondoka. Aliketi pale chini karibu na mkeka wao, mguu ameunyoosha mbele ndani ya kanga, akawa pamoja nao mpaka nywele za mwisho zilipoanguka.

*

Wiki iliyofuata Mwalimu Domitila aliwaita. Filamu ingeendelea, alisema, ila bila maiti na bila njia panda. Yunusi wa Nachingwea angekuja Jumamosi. Kilichokosekana ni mwisho.

“Swaumu ndiye anayejua miisho,” Emmanuel alisema, akimtazama kwa upole usio wa kawaida yake.

Wote waligeuka kumsikiliza. Swaumu aliufikiria mkono wa Bi Somoe kwapani, na lile neno la Kimwera alilolisikia vizuri kuliko walivyodhani: *Mguu wako nauona. Tembea.*

“Bado sijaupata, mwalimu,” alisema.

Kengele ilipogonga alikusanya vitu vyake, akawahi nyumbani kuchemsha maji ya kukanda, kabla baba yake hajarudi kutoka shamba.